Mabega ya Anti

Watoto wote wa kliniki ile ya Al Thumama, jijini Doha, humwita Anti, na wazazi wao pia wamezoea hivyo. Ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo: huwafundisha watoto wadogo kushika kijiko, kufunga vifungo, kuvumilia kelele. Hushinda sakafuni, viatu kando, na kabla ya kumgusa mtoto husugua viganja vyake vipate joto, maana kiyoyozi hakizimwi. Sauti haipandishi kamwe. Jioni hurudi chumbani kwake, mtaa wa Najma, akala huku akitazama simu, akalala.

Chebet, binti wa miaka minne, alikuwa hakubali kuguswa. Hata mama yake akimkumbatia alipiga mayowe. Taratibu Anti alimzoesha kubanwa mabega, tena kwa nguvu, kwa kuwa mguso mwepesi ndio uliomtisha. Juzi walipomaliza, mtoto hakwenda kuvaa viatu. Alimzunguka Anti kwa nyuma, akaweka viganja vyake vidogo mabegani mwake, akabana. "Sasa ni zamu yako, Anti. Tulia." Anti akatulia. Mama Chebet akacheka. "Haki, hata mimi hajawahi kunifanyia hivyo!" Kisha akaona machozi. "Amekuumiza, dada?"

"Hapana," Anti alijibu bila kugeuka. Alikuwa akijaribu kukumbuka ni nani mwingine aliyewahi kumshika tangu aje Doha, na hakumpata. "Mwache kidogo, Mama Chebet. Bado hajamaliza."