Mkono wa Kulia, Mkono wa Kushoto

“Sasa msomi, hapa nani wa kwanza?” Niliulizwa swali hilo miaka kadhaa iliyopita kwenye kibanda cha kamati ya soko, Tandale, mbele ya wajumbe watano na kopo moja tupu la maziwa ya unga, nikiwa na shahada ya takwimu ambayo bado nilikuwa naitembeza kwenye bahasha. Aliyeniuliza alifariki wiki iliyopita nyumbani kwake Temeke, akazikwa siku ya pili baada ya sala ya adhuhuri. Habari niliipata kwenye grupu la simu la wafanyabiashara wa soko, katikati ya bei ya vitunguu na tangazo la chumba cha kupanga Kipawa: “Mzee wa mchele ametutoka.” Wakafuatana watu kuweka viganja vya dua, kisha vitunguu vikaendelea. Nami nikabaki nimeshika simu, nikilikumbuka lile swali.

Kwa msomaji asiyelijua soko lile, niseme kwanza kazi yake. Alikuwa mwonjaji. Lori likishusha mchele, wenye mali walimwita awapangie magunia: lipi la kwanza, lipi la pili, lipi la mwisho la kuwauzia wapika uji. Alichota ngumi moja kutoka gunia hili kwa mkono wa kulia, ngumi nyingine kutoka gunia lile kwa mkono wa kushoto. Akatazama chenga, akanusa, akatafuna punje tatu za huku na tatu za kule, akatema, akasema: “Kulia.” Basi. Msaidizi wa mwenye mali akaweka alama ya chaki kwenye gunia lililoshinda, na mzee akachota tena. Kila gunia lilipitishwa mbele ya kila gunia jingine, mawili mawili, mpaka jozi zote ziishe. Hakuwahi kushika matatu. Ukimwambia anachelewesha watu alikujibu kwamba mikono aliyopewa ni miwili, na hajaona sababu ya kuilaumu.

Mie nilifika pale na fomu. Kamati ilinichukua kwa kibarua cha mwezi mmoja niwaandalie orodha ya waombaji wa vizimba vya kuuzia, maana soko lilikuwa limeezekwa upya na nafasi zimepungua. Fomu yangu ilikuwa na safu sita na alama mpaka kumi kwa kila safu. Nilijivunia sana zile safu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Ndiye wewe wa fomu?”

“Ndiye mimi.”

“Hebu ilete tuinuse.”

Akainusa kweli, watu wakacheka, na mimi nikaapa kimoyomoyo kwamba nitamkomesha. Kesho yake asubuhi nilimpelekea mchele kwenye sahani nikamwomba aupe alama kwa kumi. Akasita, akasema saba. Alasiri nikampelekea mchele ule ule kwenye sahani nyingine. Akasema tano. Nilifurahi kama mtoto aliyemfumania mwalimu.

“Mzee, mchele ni ule ule.”

“Najua ni ule ule. Unadhani nimeanza leo?” Hakuonekana kufedheheka hata kidogo. “Asubuhi ulinikuta natoka kutafuna takataka, huo wako ukawa mtamu. Sasa hivi ulimi wangu umetoka kwenye mchele mtamu wa Kyela. Hiyo saba yako ni saba ya nini, binti? Futi? Kilo? Mimi nina ulimi, sina rula. Niletee sahani mbili uone.”

Nikamletea mbili mbili mpaka kiza kikakaribia. Nilibadilisha sahani, nikageuza kulia na kushoto, nikarudia jozi aliyokwisha kuiamua. Hakujikanusha hata mara moja. Kuna jozi nilimwekea mchele mmoja pande zote mbili, akatafuna, akanitazama, akasema: “Huyu ni mtu na pacha wake. Nenda nyumbani, mama yako anakusubiri.”

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira ndiyo huwa inanifundisha. Chuoni tulipitishwa harakaharaka kwenye njia za kulinganisha vitu viwili viwili. Tuliambiwa kwamba binadamu ni dhaifu kusema kitu kina thamani gani, lakini ni hodari kusema kipi kati ya viwili kimezidi; kwamba ukikusanya majibu madogo ya namna hiyo unaweza kujenga orodha nzima; na kwamba gharama yake ni wingi wa maswali, kwa kuwa vitu sita vina jozi kumi na tano na vitu kumi vina jozi arobaini na tano. Nilijibu mtihani nikafaulu, nikasahau. Nililikuta somo lile Tandale, likiwa na kanzu iliyochakaa na unga wa pumba kwenye nyusi.

Tangu hapo nimekuwa mgumu kuamini alama, na wanaonisoma wanajua ninavyowasumbua watu kwa hilo. Msaili anakupa sita ya “kujiamini”: sita ukilinganishwa na nani? Na yule aliyeingia kabla yako, bila shaka, ila hathubutu kukiri. Dereva wa bajaji anapewa nyota nne na abiria ambaye hajui nyota ya tano inaonekanaje. Shangazi yangu wa Ukonga haulizi mtoto amejifunza nini, anauliza amekuwa wa ngapi. Tunazijumlisha namba hizi, tunazigawanya, tunapata desimali mbili, kisha tunainama mbele ya desimali. Mzee wa mchele hakuwa na desimali. Alikuwa na swali dogo kiasi kwamba mtu mwaminifu anaweza kulijibu.

Lakini nisimfanye mtume. Njia yake nayo ina shimo, na tuliingia ndani yake sote pamoja siku ya kugawa kizimba cha mlangoni.

Kizimba kile kilikuwa kimoja na waombaji sita. Mama lishe mmoja, mjane, alikuwa ameuza chapati na supu palepale langoni kwa miaka mingi chini ya mwavuli, kabla ya paa jipya. Wateja wake walikuwa wabeba mizigo, na mbeba mizigo hawezi kuzunguka nyuma ya soko na gunia begani kutafuta kifungua kinywa. Akipelekwa nyuma, biashara imekufa, na kila mtu pale alilijua hilo. Fomu yangu ilimweka wa tatu. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, ambaye alijaza kila mstari kwa mwandiko mzuri. Wa pili alikuwa muuza samaki.

Mzee, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, aliiweka fomu chini ya kikombe chake cha kahawa, akaamuru kopo lile la maziwa lifunikwe kitambaa. Kila mjumbe akapewa punje ya hindi na punje ya harage. Mzee anataja wawili: “Wa kulia mama lishe, wa kushoto fundi. Nani anastahili zaidi mlangoni?” Hindi kwa wa kulia, harage kwa wa kushoto, unaingiza mkono, unaacha moja, nyingine inakwenda mfukoni. Kisha wanamwaga na kuhesabu. Mara kumi na tano. Kiongozi wa wabeba mizigo, mmoja wa wajumbe, alilalamika kwamba anacheza bao lisilo na mtaji.

“Cheza tu,” mzee akamwambia. “Mgongo wako upumzike, kichwa nacho kibebe leo.”

Jozi zilipoisha, watatu wa chini walikuwa wamejipanga vizuri. Watatu wa juu walikuwa wamefungana kama nyoka mwenye mkia mdomoni. Mama lishe alimshinda fundi kwa punje nne kwa moja. Fundi alimshinda muuza samaki, nne kwa moja. Na muuza samaki akamshinda mama lishe, tatu kwa mbili. Yaani kila mmoja alikuwa mbele ya mwenzake na nyuma ya mwenzake. Ndipo nilipogeukiwa: “Sasa msomi, hapa nani wa kwanza?”

Nilipendekeza turudi kwenye fomu.

“Fomu haijui kama kuna ugomvi humu,” mzee akasema. “Kopo limetuambia. Wewe unataka tulinyamazishe?”

Kisha akafanya jambo ambalo siku ile niliona ni ubabaishaji. Alisema pale palipo na nne kwa moja watu wamejua wanachokisema. Palipo na tatu kwa mbili, kuna mtu alitia mkono hana uhakika. “Na mtu huyo ni mimi,” akasema, bila kumtazama yeyote. “Nilipotia punje nilikuwa nawaza jambo jingine. Naomba jozi hiyo moja tuirudie. Nyingine zibaki.” Wakarudia. Kopo likamwagwa: mama lishe tatu, muuza samaki mbili. Mduara ukakatika. Mjane akapata kizimba, fundi akafuata, samaki akawa wa tatu.

Muuza samaki hakukubali, na sikumlaumu. Alisimama katikati ya njia akatangaza kwa sauti ya mnada:

“Mwonjaji gani huyu, leo kulia kesho kushoto! Mpelekeeni mchele awachanganyie na mawe!”

Likashika. Watoto wa soko wakawa wakimwona wanapunga mikono, kulia, kushoto, kulia. Wenye malori wawili wakahamia kwa mwonjaji mwingine, maana katika kazi ile mtu anauza jambo moja tu, kwamba neno lake halibadiliki. Mwaka uliofuata hakurudishwa kwenye uenyekiti. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeanza kuandika hapa gazetini, nilimweka kwenye aya moja ya mzaha kuhusu viongozi wanaoamua mara mbili. Sikumtaja, ila soko zima lilijua. Nilipokutana naye baadaye aliniambia tu, “Nimejisoma, binti. Umeandika vizuri, ila umesahau kulinganisha.” Nikacheka. Sikumwuliza kulinganisha na nini.

Leo ningemjibu swali lake. Ningemwambia kwamba watu wanapokuwa zaidi ya mmoja, na kila mmoja ana akili timamu, uamuzi wao wa jumla unaweza kuzunguka na kujirudia bila mtu yeyote kuwa mjinga. Ningemwambia hakuna hesabu inayoweza kumpata mshindi kwenye mduara ule bila kutupa kitu, na kwamba busara ni kutupa kilicho chepesi kuliko vyote, yaani ile jozi ambayo ushindi wake ulikuwa mwembamba. Wataalamu wameandika mengi juu ya hilo, wengine wanasema tupa jozi dhaifu, wengine wanasema rudi ukamwulize tena aliyeamua. Yeye alifanya yote mawili kwa dakika tano, na kopo la maziwa.

Tena ningemwambia kitu ambacho nadhani alikijua kuliko mimi: mduara ule haukuwa kasoro ya kopo. Alama zingetupa mshindi safi, fundi cherehani, na tungekwenda nyumbani tukiwa na amani ya uongo, bila kujua kwamba watu wanne kati ya watano pale walimwona mama lishe anastahili kuliko yeye. Njia inayokuonyesha unajipinga ni ya kuaminika kuliko ile inayokufichia. Siwaambii mtupe fomu zote. Nasema kabla hujampa mtu saba, mshike mkono wa kulia, mshike mwenzake mkono wa kushoto, ujiulize kwa uaminifu. Na ukikuta umejizungusha, rudi pale ulipokuwa na shaka zaidi. Usirudi pale panapokupendeza.

Nilikwenda msibani Temeke. Nilikaa jamvini na wanawake, pembeni ya mama mwenye duka la viungo langoni pa soko, mmoja wa wajumbe wale watano. Ukoo wake, Waarabu wa siku nyingi hapa mjini, umeuza iliki na mdalasini pale kabla soko halijawa na ukuta. Kwa miaka alikuwa akigombana na mama lishe kwa sababu ya moshi wa jiko kuingia dukani, na ugomvi ule ulikuwa burudani ya soko zima. Akaniambia nisogee.

“Wewe ndiye uliyemwandika kigeugeu.”

“Ndiye mimi, mama. Najuta.”

“Majuto yako weka. Nikuulize, wewe si wa hesabu? Mara ya kwanza samaki tatu, chapati mbili. Mara ya pili samaki mbili, chapati tatu. Zilihama punje ngapi?”

“Moja.”

Alizungusha tasbihi yake kidogo, akiwatazama wabeba mizigo waliokuwa wakipanga viti nje. Akasema kwamba asubuhi ya siku ile jiko lilikuwa limemfukizia duka zima, akatia harage kwa hasira, na kopo lilipomwagwa aliona aibu. Lakini angeomba vipi kurudia, wakati kila mtu angejua kwamba alimpinga mama lishe kwa sababu ya moshi? Ndipo mzee aliposema shaka ilikuwa yake, macho yote yakamgeukia mzee, na mkono wa mama huyu ukaingia kwenye kopo bila kutazamwa na mtu.

“Yeye hakubadili kitu, mwanangu,” akasema. “Ile punje ilikuwa yangu.”