Nilivyoamia Ndege wa Watu

Ninyi mliokulia Kitui mtanielewa nikisema kwamba sisi hatukuamshwa na saa ya mezani. Tuliamshwa na ndege, na si kwa sababu walikuwa wakiimba vizuri. Uwele ukishaanza kukomaa, mama alikuwa akisikia mlio wa kwanza kutoka upande wa mto, anagonga ukuta wa jiko na kusema, "Ndege hana Jumapili." Hapo tunatoka mbio miguu mitupu, mimi na kaka yangu Mutua, kabla hata uji haujachemka.

Kila shamba lilikuwa na dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ili mtoto alione shamba lote. Utoto wangu niliumalizia pale juu. Jana yake tulikuwa tumefinyanga vidonge vya udongo na kuvianika juani, ndizo risasi zetu. Kombeo tulisokota wenyewe kwa katani. Makopo yenye kokoto yalining'inia kwenye kamba toka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine, ukivuta kamba shamba zima linapiga kelele. Lakini silaha kubwa ilikuwa koo. Msichana asiye na sauti hakuwa na faida yoyote msimu wa uwele. Tulipigiana ukelele shamba kwa shamba, "Haaii! Haaii!", na yule ambaye sauti yake ilivuka mto ndiye aliyekuwa bingwa wa siku. Hakuna aliyekaa chini kutufundisha kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile nafaka. Ukiona kundi limeinama angani linataka kutua, mikono inapiga makofi yenyewe.

Shuleni darasa lilibaki nusu. Mwalimu aliita majina, akaitikiwa na madawati, naye hakukasirika maana watoto wake mwenyewe walikuwa shambani. Huko juu tulicheza mawe, tulisukana nywele, tuligombana na kupatana kabla ya saa sita. Na chakula chake! Unavunja suke ambalo halijakauka sawasawa, unalibabua motoni, unalipukusa kati ya viganja, unapuliza makapi, kisha unatupia mdomoni punje zikiwa bado moto. Jioni kuna muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na kunde, na maziwa mgando ya nyanya yangu yenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Nikikumbuka, nameza mate mpaka leo.

Hizo ndizo hadithi nilizomlelea binti yangu Mwende, hapa Silver Spring, Marekani, kwenye nyumba ya ghorofa ya nne. Akikataa kumaliza chakula, namwambia enzi zetu hatukujua kuchagua. Akisema amechoka, namuuliza amechoshwa na nini, kukaa? Watoto hawa wa siku hizi wanapasha moto chai kwa kubonyeza kitufe, na bado wanalalamika kwamba imechelewa. Mwende anageuza macho juu na kunijibu kwa Kiingereza.

Basi mtoto huyo huyo, ambaye kumwamsha aende kanisani lazima nimwite hadi nipandishe pumzi, miaka miwili iliyopita alianza kuamka alfajiri ya Jumamosi kwenda kuangalia ndege. Si kuwafukuza. Si kuwala. Kuwaangalia. Ananing'iniza darubini shingoni, anavaa buti, anaondoka bila kunywa chai. Niliwasimulia akina mama wenzangu wa kanisa, tukacheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Nikawaambia kwamba huyu angezaliwa Kitui, ndege wangemsherehekea.

Mwishoni mwa Agosti hii aliniomba nifuatane naye. Kikundi chao cha waangalizi wa ndege kilikuwa kimempa nafasi ya kuongoza matembezi kwa mara ya kwanza, yeye mwenye miaka ishirini, mbele ya watu wenye mvi. Na alikuwa amewaambia kwamba mama yake amekulia katikati ya ndege, anawajua. Sitaficha, nilivimba kichwa. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, lakini nilioga, nikavaa gauni la kitenge, nikapaka mafuta.

Tulienda kwenye kinamasi cha Mto Anacostia. Joto la mwisho wa kiangazi lilikuwa limeshatulalia hata kabla jua halijapanda, na wadudu walikuwa wakilia mitini bila kupumzika. Maji yalikuwa yamepungua, tope limejitokeza, vitwitwi wanakimbia juu yake wakidonoa. Yangeyange wawili walisimama bila kutikisika. Kobe walikuwa wamepangana juu ya gogo wakiota jua, na paa jike na mtoto wake wakapita nyuma ya matete bila kutujali. Mwende alikuwa akisema kwa sauti ya chini, na kila alipoinua kidole watu wote waliinua darubini zao. Mzee mmoja mwenye mkongojo, aliyeonekana kuwa mkubwa wao, alimuuliza swali na kusubiri jibu lake kwa adabu. Mimi nilisimama nyuma nikijiambia, tazama, mjukuu wa mama yangu anasikilizwa hivi.

Kisha tukafika mahali palipokuwa na nafaka. Mpunga mwitu, mrefu kunipita, masuke yameiva na kuinama, umezungushiwa wavu. Mwende alieleza kwamba umepandwa kwa mikono, na wavu ule ni wa kuzuia mabata bukini wasing'oe miche. Mimi nilisikia "umepandwa" na "kuzuia", mengine yakapita. Akasema tunyamaze sasa, tungoje. Yule mzee alininong'oneza kwamba wapo ndege wadogo wanaopita hapa siku chache tu wakati huu wa mwaka, wakienda Amerika ya Kusini, na kwamba tangu macho yake yaanze kufifia amekuwa akiomba awaone tena walau mara moja. Niliitikia kwa kichwa kwa heshima.

Walikuja kutoka upande wa mto. Kundi la ndege wadogo, rangi ya majani makavu, wamebanana, wanageuka pamoja, wakainama kuelekea kwenye masuke. Jamani, machoni pangu walikuwa kwelea wale wale waliokula uwele wetu Kitui. Nafaka imeiva, ndege wanatua, na watu wazima wamesimama wanatazama tu!

Nilipaza sauti ya Kitui, ile ya kuvuka mto. "Haaii! Haaii!" Nikapiga makofi. Nikainama, nikachota donge la tope, nikalirusha, na niwaambie kweli, mkono haujasahau. Ndege wote wakaruka, wale wadogo na vitwitwi na yangeyange, kobe wakajitosa majini mmoja baada ya mwingine, na kinamasi kizima kikabaki kitupu. Nami nikageuka nikitabasamu, nikingoja kushukuriwa.

Mwende alikuwa amefunika mdomo. "Mum," akasema polepole, "wamewapandia ndege. It's for the birds."

Nilielewa, lakini nilielewa kuanzia miguuni kwenda juu. Mzee alishusha darubini yake, akaifuta, akaiinua tena kutazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mama mmoja aliniambia si neno, akarudia si neno, akarudia tena kwa tabasamu. Laiti wangenifokea. Kwetu mtu akiharibu anasemwa, analia, mambo yanaisha. Hapa unasamehewa kwa upole hadi unatamani ardhi ipasuke. Nilitazama gauni langu zuri na kiganja kilichojaa tope, nikasema nakwenda kukaa kwenye gari, na hakuna aliyenizuia.

Mwende alinifuata. Aliingia, akafunga mlango, akashika usukani ingawa hatukuwa tunakwenda popote. Nilijitayarisha kwa hasira yake. Ningeikubali.

"Niliwaambia unajua ndege," akasema.

Nikamjibu kwamba nawajua, ila kwa kuwafukuza. Nilitegemea acheke kidogo. Hakucheka. Alisema alikuwa amenitazama usoni wakati ule, na kwamba sikuonekana kama mtu anayecheza. Nilionekana kama mtu aliyeogopa. Kisha akauliza, akichanganya lugha kama wanavyochanganya watoto wetu, "So ndege wakikula yote, you guys mlikula nini?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha tayari. Katika hadithi zangu zote ndege hushindwa. Kombeo hupiga, sauti huvuka mto, jioni kuna muthokoi. Lakini tope lilikuwa limeanza kukauka kiganjani na utani haukutoka.

"Hakuna," nikasema. "Hatukula."

Nikamsimulia mwaka ambao walitushinda. Tulipiga kelele mimi na Mutua mpaka sauti zikatukauka kabisa, tukabaki tunapiga makofi kama mabubu, na kundi likazidi kushuka. Jioni masuke yalikuwa yamesimama matupu. Mama alifagia ardhi kwa kiganja, akapepeta mchanga, akapata kiasi cha kufunika sehemu ya chini ya sufuria. Baada ya hapo tulikula mboga za porini bila chumvi, kisha bila kitu cha kulia nazo. Mama alikaza kanga kiunoni kila siku zaidi kidogo. Mutua alianguka kwenye gwaride la shule, akarudishwa nyumbani, na hakurudi tena darasani. Ndiyo maana mjomba wako hakusoma, nikamwambia. Nilikuwa nimemweleza siku zote kwamba mjomba alipenda ng'ombe kuliko vitabu, naye alizoea kulicheka hilo.

Mwende alichukua kitambaa, akanishika mkono, akaanza kunifuta tope kidole kimoja kimoja, kama mimi ninavyowafuta wazee wangu kule kazini. Nilitaka kumwambia aache. Nilikuwa nimemlea mtoto huyu kwa hadithi zilizoshiba, nikamchapa nazo kila alipoacha chakula kwenye sahani, na kumbe mwenyewe nilikuwa nimeitoa njaa ndani ya hadithi hizo kama mtu anavyochambua mawe kwenye mchele. Aliniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema sijui, na kweli sikujua.

Alifungua mlango, akarudi kwa watu wake. Nilimwona kupitia kioo cha mbele akizungumza nao, na mara wote wakageuka kutazama gari. Nikajua amewaambia. Yule mzee wa mkongojo aliinua mkono wake taratibu kunisalimu. Niliinama chini ya kiti kana kwamba natafuta kiatu, nikakaa huko.

Mwaka ule lori la mahindi ya msaada lilipofika, tulipanga mstari kijiji kizima. Mwalimu alikuwemo, mzee wa kanisa alikuwemo, mama alikuwa mbele yao na debe lake kichwani, na wanawake waliimba mpaka zamu zao zikafika. Sikumbuki kuona mtu ameinamisha uso. Enzi zetu njaa ilikuwa ya wote. Hapa, kwenye nchi ambayo watu wanapanda nafaka ili ndege washibe, njaa ni yangu peke yangu, nami nilikuwa chini ya kiti nikiificha.