Unga wa Tumbo na Saumu Yangu ya Kwanza

Enzi zetu, miaka ile ya hamsini, tumbo la mtoto lilikuwa jambo la nyumba nzima. Ukilishika tu, umeshaulizwa umekula nini na choo umepata lini, na kabla hujajibu kijiko kipo mdomoni. Wajukuu zangu leo wanapewa vidonge vya ladha ya mnanaa na bado wanakunja uso. Wangeuonja ule unga wa tabibu wa Kibaniani wa mtaani kwetu Kiponda, Unguja! Ulikuwa na rangi ya vumbi, ukinuka mvuje tangu mlangoni, na tangawizi na pilipili manga zake zilikupanda mpaka puani.

Mwaka nilioanza kufunga siku nzima nilikuwa na miaka minane. Bibi mzaa mama, aliyenilea, aliitangaza habari hiyo mtaa mzima. Jirani yetu Bi Rukia akaahidi kuniletea kaimati zangu peke yangu, na magharibi ningekaa kwenye mkeka wa watu wazima. Basi tangu asubuhi nilitembea kwa maringo, nikiwacheka wenzangu waliofunga nusu siku.

Adhuhuri Bibi akanituma juu ya paa nikageuze mabirimbi, yale matunda machachu ya kijani. Alikuwa ameyapasua, akayatia chumvi na pilipili, akayaanika kwenye sinia kwa ajili ya achari. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza na kufukuza kunguru. Kunguru niliwafukuza kweli. Birimbi la kwanza nililamba chumvi tu. La pili nikalitafuna, na baada ya hapo sijui nilikula mangapi. Nikayatandaza yaliyobaki pasionekane pengo, nikashuka na uso wa mtu aliyefunga.

Alasiri haijaadhiniwa, tumbo likanikata mpaka nikajikunja sakafuni.

"Umekula nini?" Bibi akaniuliza.

"Daku tu, Bibi."

Niliiona hofu usoni mwake. Mwaka uliopita mtoto wa nyumba ya pili alianza hivyo hivyo, kwa kushika tumbo, na tukamzika. Bibi akavaa buibui lake, akaenda mwenyewe kwa tabibu, jua kali na yeye kafunga. Bi Rukia akabaki kunipepea.

"Mtoto wa imani huyu," akawa anasema. "Watu wazima wangeshafungua."

Sifa zake ziliniuma kuliko tumbo lenyewe. Nilitamani anyamaze.

Bibi akarudi anahema, karatasi ya dawa mkononi. Akaukoroga unga kwa maji ya moto.

"Tabibu kauliza kala nini," akaniambia. "Nimemwambia mwanangu kafunga, tumboni hana kitu. Haya, kunywa. Mgonjwa kasamehewa, utalipa siku nyengine."

"Sitaki, Bibi. Nnafunga."

Niliogopa dawa ingenitapisha, Bibi akakiona kile nilichomficha. Nikakaza meno. Alinibembeleza, akanikemea, akanishika taya, na jasho likanitoka kila maumivu yaliporudi. Mwisho nikamwona analia. Sikuwahi kumwona Bibi analia.

"Usin'fanyie hivi, mwanangu," akasema. "Mungu hakutaka ufe kwa saumu."

Hapo nikafungua mdomo. Unga ukashuka na moto wake, na hata haujatulia ukapanda tena, nikatapikia kwenye beseni. Bi Rukia alikuwa ametoka kwenda kuchota maji. Ndani ya beseni kulikuwa na maganda ya mabirimbi, mbegu zake, na vipande vya pilipili vyekundu.

"Katapika nini?" Bi Rukia akauliza kutoka ukumbini.

Bibi akatazama beseni, kisha akanitazama mimi. Yule mwanamke alikuwa haongopi hata kwa mzaha, seuze mchana wa Ramadhani. Akavua ushungi wake akalifunika beseni.

"Nyongo," akajibu. "Tumbo lilikuwa tupu."

Magharibi nilikuwa mzima. Nikakalishwa kwenye mkeka wa watu wazima, kaimati mbele yangu, kila mtu ananisifu, na kumtazama Bibi sikuweza. Mwezi mzima nilingojea kukaripiwa bure. Sikukuu ilipomalizika, jioni moja akaniita.

"Kesho tunafunga mimi na wewe," akaniambia. "Wewe unalipa yako, na mimi nalipa yangu, ya ile nyongo."

Tukafunga wawili sisi, na nyumba nzima inakula. Jua lilipokuchwa akanimegea tende yake nusu, na mimi ndipo nikalia.

Dawa za siku hizi ni nzuri, sikatai. Zinatuliza haraka, hazinuki, na mtoto anazimeza huku anaangalia simu. Wajukuu zangu nao wananidanganya kama nilivyodanganya mimi, nami huwafokea mbele za watu mpaka watoke machozi. Kisha nikibaki peke yangu naona haya, maana sijawahi kufunga hata siku moja kwa ajili ya mmoja wao.