Mpigaji Aliyetoka Bila Kuitwa

Kama herufi zangu zimelala upande mmoja, na kama maneno mengine nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia, mnisamehe kwanza ndipo msome. Nilisoma shule ya msingi tu. Mwalimu wetu alikuwa akipita nyuma yangu anasema ninaandika kama mtu anayetoa miiba ya samaki. Ni kweli. Kurasa hizi zimenichukua muda mrefu, lakini kusema mbele ya watu kunanishinda zaidi, kwa hiyo ni afadhali niandike.

Nataka kueleza jinsi mchezo wa kriketi ulivyotuzuia kuvua samaki pale Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa.

Ilikuwa baada ya uhuru, kabla ya uasi kufika kwetu. Nilikuwa mvuvi wa ndagala, wale samaki wadogo ambao wengine huwaita dagaa. Chombo chetu kilikuwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu katikati, na taa za kuwaita samaki wakati mwezi haupo. Mwezi ukiwa mkubwa hatuvui, kwa sababu ndagala hawaioni taa. Kwa hiyo kila giza la mwezi ni kama msimu mdogo. Likipita, limepita.

Chombo kilikuwa na wenyewe wawili, wote Wahindi waliozaliwa huku kwetu, wenye maduka yaliyopakana. Mmoja alinunua mitumbwi na wavu, mwingine alinunua taa. Mwenye wavu alikuwa amemwoa dada wa mwenye taa, kwa hiyo waliitana shemeki, yaani shemeji, kama sisi wote tunavyoitana. Mwenye wavu alikuwa mtu mpole, mwembamba, anayekohoa. Mwenye taa alikuwa na sauti kubwa, na akishasema neno halirudishi.

Sisi wavuvi tulikuwa na desturi yetu. Jioni kabla ya kuingia ziwani, wenye chombo wanakuja mchangani wote wawili. Mwenye taa anamkabidhi shemeji yake taa mkono kwa mkono, wanasalimiana, ndipo mwenye wavu anaziweka ndani ya mutumbwi. Mkubwa wetu wa chombo alikuwa mzee mmoja wa kabila la Wavira, mtu wa kanisani, lakini kwa jambo hilo hakukubali mzaha. Alisema ndagala wanaokuja kwenye taa ya watu wasiosalimiana hutawanyika kabla wavu haujapanda. Wale Wahindi walidhani ni heshima tu ya jioni. Hawakujua kwamba kwetu sisi ilikuwa sehemu ya chombo, kama makasia.

Asubuhi, tukishaanika ndagala mchangani, tulikuwa tunakaa barazani mbele ya maduka yale, kwa sababu ya redio. Redio ilikuwa ya mwenye taa. Wengine walikuja kusikiliza habari za serikali mpya, nani ameingia na nani ametoka. Lakini siku ambazo timu ya India ilicheza na Uingereza, habari za serikali zilingoja. Mwenye taa aliweka sikio lake karibu, anasikiliza Kiingereza, kisha anatutafsiria kwa Kiswahili, anaongeza na ya kwake. Mwanzoni hatukuelewa kitu. Tulikuwa tunauliza kwa nini mtu anapiga mpira halafu anakimbia huku na huku bila kufukuzwa. Pole pole tukaelewa. Mbio zile ndizo zinazohesabiwa, na mpigaji analinda vijiti vyake vitatu. Mpira ukigusa gongo lake na ukadakwa kabla ya kuanguka chini, ametoka, anampisha mwenzake.

Siku moja mpira ulimpita mpigaji wa India ukadakwa na yule anayekaa nyuma ya vijiti. Waingereza waliuliza kama ametoka, mwamuzi akatikisa kichwa, hakusikia kitu. Yule mpigaji akaweka gongo lake chini ya kwapa, akatoka mwenyewe. Mpira ulikuwa umemgusa kidogo, na yeye peke yake ndiye aliyejua. Baada ya yeye kutoka, wenzake walianguka mmoja mmoja, India ikashindwa.

Mwenye taa alizima redio. Alisema yule mtu amewauza wenzake. Mwamuzi amewekwa pale kwa kazi yake, anakula mshahara wake, sasa mchezaji anamfanyia kazi kwa sababu gani? Akauliza kama Waingereza nao wangetoka wenyewe. Mwenye wavu akajibu kwamba hilo ni la Waingereza na Mungu wao. Mikono ya mpigaji ndiyo inayojua kwanza, alisema, na mtu hawezi kukana mikono yake. Baraza likagawanyika. Wakati ule wa uhuru watu walipenda sana kujadili nani ana haki ya kuamua, na hapa tulipata jambo letu la kujadili ambalo halikuweza kumpeleka mtu gerezani.

Kulikuwa na mfugaji mmoja wa kule juu milimani, aliyeshuka kuuza siagi. Alisikiliza kwa muda, kisha akasema, "Kwetu ng'ombe wako akikula shamba la muntu, unakwenda kusema weye mwenyewe, hawajakuita."

"Na ukisha kusema," mwenye taa akamjibu, "ng'ombe anarudisha mahindi?"

Watu walicheka, na mfugaji naye alicheka. Ingeishia pale. Lakini mwenye wavu alikuwa amechoka kupigiwa kelele, akakohoa, akasema neno ambalo nadhani alianza kulijutia kabla halijamaliza kutoka. Alisema, "Ndiyo maana mizani yako haitoki yenyewe, shemeki. Inangoja mwamuzi."

Mwenye duka hawezi kuambiwa mbele ya wateja wake kwamba mizani yake inapunja. Mwenye taa hakupiga kelele safari hii. Alichukua redio, akaingia ndani, akafunga mlango wa mbao mchana kweupe.

Jioni ile giza la mwezi lilikuwa ndiyo linaanza. Mwenye taa alimtuma mfanyakazi wake alete taa mchangani, na mwenye wavu alikuja peke yake. Mzee wetu aliziangalia zile taa, akauliza mwenye kuzikabidhi yuko wapi. Akaambiwa yuko dukani. Mzee akakaa juu ya ukingo wa mutumbwi, nasi tukakaa. Mwenye wavu alisihi, akaeleza kwamba ni ugomvi wa mchezo tu. Mzee akasema samaki hawajui ni wa mchezo. Taa zikarudishwa dukani, na hatukuingia ziwani, wala kesho yake, wala siku zilizofuata.

Sasa niseme kilichokuwa kinaniuma mimi. Dada yangu alikuwa ameposwa na kijana wa Katogota, na arusi ilikuwa imepangwa kufanyika mwezi utakaporudi. Mama yangu alikuwa ameahidi kupeleka vikapu vya ndagala wakavu kwa wakwe, na vingine apeleke Bwegera abadilishe na mchele wa wageni. Vikapu vilikuwa vimekwisha kusukwa, vimepangwa ukutani, vitupu. Mama hakunilaumu. Alivigeuza tu kila asubuhi ili panya wasiingie. Dada yangu aliacha kuimba alipokuwa akitwanga, na nyumba yetu bila ile sauti ilikuwa kama ya watu wengine.

Mimi ni mtu wa haya. Sikuweza kwenda kwa mwenye taa kumwambia habari za dada yangu. Nilipita mbele ya duka lake mara nyingi nikiwa na maneno tayari, nikanunua chumvi, nikarudi. Mama aliniuliza tunafanya nini na chumvi yote ile.

Ni mzee wetu aliyepata njia. Alikwenda kwa mwenye taa, kisha kwa mwenye wavu, akawaambia hivi: kwa kuwa hakuna anayetaka kusalimu kwanza, na kwa kuwa neno lilianzia kwenye kriketi, limalizikie kwenye kriketi. Wavuvi tutajigawa, nusu upande wa mwenye taa, nusu upande wa mwenye wavu, na wao wenyewe wacheze. Upande utakaoshindwa, mwenyewe ndiye atakayesalimu kwanza. Wote wawili wakakubali, kwa sababu kila mmoja alijua atashinda. Mzee akasema mwamuzi atakuwa yeye. Mwenye taa akamwuliza kama anajua sheria. Mzee akajibu kwamba ameamua mambo ya watu wenye mapanga, hawezi kushindwa na mpira.

Tulicheza mchangani, mbele ya mitumbwi. Gongo lilikuwa kasia lililovunjika. Mpira tuliusokota kwa nyuzi za wavu wa zamani, tukaufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Wanawake walikuja, na watoto, na yule mfugaji wa siagi aliyekuwa ameshuka tena. Aliuliza ni upande gani wenye ng'ombe, ili aushangilie. Mwenye wavu aliwafundisha watu wake jinsi ya kusimama. Mwenye taa aliwapigia wake kelele. Alipopiga mpira mmoja mpaka ukaingia ziwani, alikimbia na tumbo lake lote, na tulimshangilia hata sisi tuliokuwa tumemkasirikia. Nilimwona mwenye wavu anataka kupiga makofi, halafu anaificha mikono.

Mimi niliwekwa upande wa mwenye taa, na kwa kuwa sikuwa hodari nilipangwa kupiga mwisho. Zamu yangu ilipofika, upande wetu ulikuwa unahitaji mbio mbili tu kushinda, na baada yangu hakuna mpigaji mwingine. Nilijua vizuri hesabu ya mambo. Tukishinda, mwenye wavu atasalimu mara moja, kwa furaha hata, na jioni tutaingia ziwani. Tukishindwa, itabidi mwenye taa asalimu kwanza, na sikuamini kwamba atasalimu, hata kama alikubali. Mama yangu alikuwa amesimama karibu na mahali pa kuanikia. Dada yangu alikuwa nyuma yake.

Mwenye wavu ndiye aliyerusha. Mpira uliruka juu ya mchanga, nikanyoosha kasia, ukapita. Ulidakwa nyuma yangu na mvuvi mmoja wa upande wa mwenye wavu, ambaye hakuelewa hata amefanya nini. Mawimbi yalikuwa yakipiga, mwenye wavu alikuwa akikohoa, mzee alikuwa akijikuna shingo. Hakuna aliyemwuliza mwamuzi. Yule mdakaji akatupa mpira urudi kwa mrushaji, na mwenye taa akaniambia nisimame vizuri.

Lakini ulikuwa umegusa. Kidogo tu, kama ndagala mmoja anapogusa wavu, na mvuvi anakijua kile kitu kwenye vidole vyake. Sikufikiri mambo makubwa. Niliweka kasia chini nikaanza kutembea kuelekea kwenye ndagala wa siku nyingi waliobaki mchangani. Kwa mtu asiyeweza kusema, kutembea ni rahisi.

Mwenye taa alinifikia kabla sijakwenda mbali.

"Weye! Nani alikuita?"

"Hapana muntu, Papa."

"Sasa unatoka juu ya nini?"

"Iligusa," nikasema. "Minye nilisikia mu mikono."

Nilitamani mchanga unimeze. Mzee aliuliza yule mdakaji kama mpira ulianguka chini kwanza. Akasema hapana. Mzee akainua mkono: upande wa mwenye taa umeshindwa. Mwenye taa aliniangalia, akaangalia kasia, akaondoka. Tulimwona anapanda kuelekea dukani, na mlango wa mbao ukafungwa. Sikuthubutu kumwangalia dada yangu.

Mwenye wavu alibaki na mpira mkononi. Kisha naye akapanda, na sisi wote nyuma yake, kwa sababu katika mji wetu jambo la watu wawili halifuatwi na watu wawili. Alisimama mbele ya mlango ule. Yeye ndiye aliyeshinda, hakudaiwa kitu.

"Shemeki, mambo?" akasema.

Akausogelea mlango zaidi.

"Kijana wa upande wako amenipa kitu sikumuomba. Na lile neno la mizani, nimelirudisha. Mimi mwenyewe nilitumia mizani yako miaka yote."

 Kisha sauti kubwa ikatoka nyuma ya mbao: "Umesalimu kwanza?"

"Nimesalimu kwanza."

"Basi umeshindwa."

Mlango ukafunguka. Mwenye taa alikuwa amekwisha kuzishika taa mikononi, moja huku na moja huku, zimejazwa mafuta tayari. Sijui alizijaza saa ngapi. Alimkabidhi shemeji yake pale pale mlangoni, lakini mzee akakataa, akasema lazima iwe mchangani, kwa hiyo tukashuka wote tena.

Giza lililobaki lilikuwa fupi, lakini lilitosha. Mama alijaza vikapu vya wakwe, na vya Bwegera akajaza karibu vyote. Dada yangu aliolewa Katogota mwezi ulipokuwa mkubwa. Wale mashemeji wawili walikaa kwenye arusi mkeka mmoja wakijadili nani alishinda. Mwenye taa alishika lake: anayesalimu kwanza ndiye aliyeshindwa, na hayo yalikuwa masharti ya mzee mwenyewe. Mzee alisema hayo ni majadiliano, si ugomvi, na samaki hawana shida nayo. Kwenye mutumbwi neno "iligusa" likawa letu. Mtu akiangusha taa au akikanyaga wavu, anasema "iligusa" kabla hajaulizwa, na watu wanacheka, kazi inaendelea.

Uasi ulipofika, mashemeji wale walivuka ziwa na familia zao, na ni chombo chetu kilichowavusha. Mwenye taa alikaa mbele, redio imefungwa kwenye shuka juu ya magoti yake. Walifika salama. Nasi tulivuka baadaye. Dada yangu ana watoto sasa, na anaimba.

Jambo moja linanirudia ninapovuta wavu. Mwenye taa, siku ile ya kuvuka, alinishika bega akaniambia kwamba mimi nilikosea, ningengoja mwamuzi, lakini nikipata mtoto nimfundishe afanye hivyo hivyo nilivyofanya. Bado sijui alikuwa ananisifu au ananigombeza. Ninyi mnaosoma, hasa kama mnaujua mchezo ule, mniambie: mpigaji atoke mwenyewe, au angoje? Mwalimu aliyezipokea karatasi hizi atanifikishia majibu yenu. Andikeni kwa herufi kubwa kidogo. Kusoma nako ninakwenda pole pole, lakini nitajibu kila mmoja.