Dagaa wa Leonida Walivyofika Gujarat

Pale soko la Mwanga, ukiuliza fundi wa magauni anayecheka kuliko anavyoshona, utaonyeshwa kibanda cha Leonida. Ana miaka hamsini na saba, cherehani mbili, na ulimi ambao wateja wengi hawajui unavyofanya kazi. Watumishi wa serikali waliohamishiwa Kigoma kutoka mikoa mingine wakija kupimwa, yeye huwazungushia futi kamba kiunoni huku akimwambia jirani yake kwa Kiha maneno ambayo mwenye kiuno angeyaelewa, angeondoka na kitambaa chake. Kwa kuwa haelewi, huona tabasamu tu. "Fundi huyu ana adabu sana," husema akitoka.

Mwaka juzi kaka yake, Nikodemu, alipangiwa kwenda India kubadilishiwa goti. Watoto wake walihangaika mpaka safari ikawezekana. Mkewe alikuwa anauguza mama yake, hivyo kazi ya kumsindikiza mgonjwa ikamwangukia Leonida.

"Hakuna mwingine?" Nikodemu aliuliza. "Huyu atanitia aibu hadi ng'ambo."

Hakukuwa na mwingine. Leonida akafunga mizigo: vitenge vitatu, rozari, sindano na uzi, na dagaa wakavu wa kujaza bakuli. Alikuwa ameambiwa kwamba huko wanakokwenda watu wengi hawagusi nyama wala samaki. Akawafunga dagaa wake kwenye kitambaa, akaongeza cha pili na cha tatu, kisha akawasukumia ndani ya buti jipya la Nikodemu. Walifika salama. Nikodemu alishangaa tu kwa nini mbwa wa uwanja wa ndege alimpenda kiasi kile.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari akasema mgonjwa asipande ndege mpaka zipite wiki tatu. Leonida akabaki wodini akihesabu feni za darini. Siku ya tano alikuwa ameshashona vifungo vya wauguzi wote wa zamu ya asubuhi, na Nikodemu alikuwa ameanza kujifanya amelala kila anapomsikia akija.

Mmoja wa wauguzi hao aliitwa Hetal, binti mwembamba mwenye kucheka haraka. Siku moja alikuwa anasoma faili la mgonjwa, akasita, akatoka nje kupiga simu. Aliporudi alimwambia Leonida kwa Kiingereza cha kuungaunga, kwa kuwa wote wawili ndicho walichokuwa nacho: "Kesho naenda likizo kwetu. Ni mji mdogo, kimya sana. Twende wote, ukae siku nne."

Leonida akamtazama kaka yake.

"Nenda," Nikodemu alisema, macho bado yamefungwa. "Ukipenda kaa hata kumi."

Walisafiri kwa treni nusu siku nzima kati ya mashamba ya pamba na karanga. Mji wenyewe ulikuwa na stesheni isiyo na watu, bwawa, hekalu, safu mbili za maduka na miarobaini kila kona. Saa saba mchana maduka yote yalifungwa, na hadi saa kumi kilichosikika kilikuwa tausi tu, wanaotembea juu ya paa za watu kama kuku wa kwao Gungu, Kigoma. Nyati wa kufugwa walipita barabarani bila mchungaji, kila mmoja akaingia uani kwake. Leonida hakuwahi kuona ukimya wa namna ile mahali penye nyumba nyingi hivyo.

Jambo moja lilimpa kiburi. Alimsikia mtu akisema neno kama duka, mwingine akataja gari, mwingine dobi, mwingine rangi, na chai ilikuwa chai. Kufikia jioni aliamini kwamba lugha ya watu wale ni Kiswahili kilichochanganywa na mambo mengine. Lakini alijua pia kwamba wao hawakielewi cha kwake, na hilo ndilo lililompendeza zaidi.

Nyumbani kwa akina Hetal palikuwa na baba, mama, na bibi mzee ambaye wote walimwita Ba. Ba alishinda kwenye bembea kubwa ya mbao iliyoning'inia katikati ya sebule, akijisukuma polepole kwa kidole cha mguu. Hakuwa na jino hata moja. Alimkodolea Leonida macho tangu alipovuka kizingiti.

Leonida akaunganisha viganja, akainama kama alivyofundishwa, na kwa sauti tamu ya mtu anayeshukuru akamwambia baba mwenye nyumba, "Wewe baba, tumbo lako limeingia sebuleni kabla yako, na hodi halijapiga."

Baba akatabasamu, akainama naye.

"Na wewe bibi," akaendelea, akimgeukia Ba, "unanitazama kama paka aliyeona mwalo wa samaki. Meno yako uliyaazimisha nani?"

Ba akatikisa kichwa kwa upole. Hetal aligeuka ghafla kwenda jikoni, mabega yakimtikisika. Leonida alidhani ana kikohozi.

Siku mbili zilizofuata hakujizuia. Mezani alisifu dengu na mtindi kwa mkono kifuani huku akisema, "Nikikaa hapa wiki, nitarudi Kigoma nikilia mee." Alipompigia Nikodemu simu alikaa barazani, hatua tatu kutoka kwa Ba, akamsimulia kila kitu kwa sauti kubwa: jinsi mama Hetal anavyosali akiwa ameinua jicho moja kuchunga maziwa jikoni, jinsi fundi wa mji ule alivyokata blauzi moja mkono mrefu na mwingine mfupi, na jinsi bibi wa bembea anavyoiba sukari guru kabatini watu wakilala.

"Punguza sauti," Nikodemu alimwonya.

"Ya nini? Hapa hata nikitangaza kwa kipaza sauti, ni mimi na Mungu tu."

Mchana wa siku ya tatu nyumba nzima ililala isipokuwa Leonida na Ba. Njaa ya samaki ilikuwa imemshika Leonida vibaya. Akaenda chumbani, akatoa kifurushi chake, akaja kukaa pembeni ya bembea, akafungua fundo la kitambaa kidogo tu, akavuta harufu. Machozi yakamlenga.

"Wanangu," akanong'ona, "mko karibu, lakini siwezi kuwafikia."

Bembea ikasimama.

"Hao ni wa mwalo wa Kibirizi," sauti ikauliza kwa Kiswahili, "au wa Katonga?"

Leonida aligeuka kulia, akageuka kushoto. Hakukuwa na mtu mwingine. Ba alikuwa amemwinamia, mdomo wake mtupu umejaa kicheko.

"Mwidiwe, mwanangu?" akamsalimu kwa Kiha. " Mbona huitikii? Jana ulikuwa unaongea sana."

Leonida aliteleza kutoka kwenye kigoda, dagaa wawili wakamwangukia mapajani. "Shikamoo," akasema. Kisha akasema tena. Alizisema shikamoo kama sita.

"Marahaba. Meno yangu sikumwazimisha mtu, yalitoka yenyewe. Na sukari guru siiibi. Kabati ni langu."

Ba alikuwa amezaliwa Ujiji, baba yake akiwa na duka la vitambaa huko. Aliondoka akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, akaletwa kuolewa katika mji huu, na tangu wakati huo hakuwa amepata mtu wa kuongea naye Kiswahili. Siku ile Hetal alipoona neno Kigoma kwenye faili, simu aliyokimbilia kupiga ilikuwa ya bibi yake. Na Ba alijibu maneno machache tu: mlete, wala usimwambie kitu, nataka kwanza nisikie anavyosema.

"Wote wanajua?" Leonida aliuliza.

"Wote. Kila usiku nawatafsiria. Mwanangu ameanza kutembea kwa miguu jioni kwa ajili ya tumbo."

Leonida akajifunika uso kwa kitenge. 

"Sasa adhabu yako," Ba alisema, akiteremsha sauti. "Unipikie hao."

Akamweleza. Nyumbani kwao Ujiji samaki hakuingia hata mlangoni. Lakini jirani, mwanamke aliyeitwa Mama Melania, alikuwa akimpa kwa siri ugali na dagaa wa mawese, wakiwa wamejificha nyuma ya jiko. Kabla ya kurudi kwao alisugua mikono kwa majivu na ndimu. Mama yake alimnusa vidole kila jioni na hakuwahi kumkamata.

"Ba, wewe ni mtu mzima, na dini yako…"

"Dini yangu naijua. Nina miaka sabini na saba. Nataka mmoja tu. Na hatutatumia chombo chochote cha nyumba hii, mkwe wangu nisimchafulie jiko."

Asubuhi iliyofuata Ba alitangaza kwamba anampeleka mgeni kutazama bwawa. Wakapanda bajaji iliyofanana kabisa na za Kigoma, wakapita sokoni wakanunua chungu kipya, nyanya, pilipili, mafuta ya karanga na unga wa uwele. Bwawa hawakulitazama. Walikwenda moja kwa moja kwenye shamba la pamba la familia, kwenye kibanda cha zamani cha pampu, wakamwambia dereva asubiri barabarani.

Leonida akawasha moto wa vijiti vya pamba. Akasonga ugali kwanza, akaupakua juu ya majani, kisha akakaanga dagaa mpaka wakalia, akawamwagia nyanya. Harufu ilipanda juu ya mji ule ambao pengine haukuwa umenusa samaki tangu ujengwe. Mbwa watatu wakatokea, halafu paka ambaye hakuna aliyejua ametoka wapi. Ba alikuwa amekaa juu ya pampu, sari ameikunja magotini, akimeza mate kama mtoto.

Alichukua dagaa mmoja na kitonge cha ugali. Alimtafuna kwa fizi, taratibu, muda mrefu. Kisha akaacha kutafuna.

"Nini? Mwiba?" Leonida aliuliza.

"Mchanga," Ba alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye anacheka. "Bado wanawaanika mchangani. Nimetafuna ufukwe."

Hakula wa pili. Alisema moyo wake aliuahidi mmoja tu, na akamwachia Leonida chungu kizima. Leonida hakuhitaji kubembelezwa.

Ndipo dereva wa bajaji akaja mbio, pua ameiziba kwa kitambaa, akiuliza nini kimekufa.

Ba akamjibu bila kupepesa macho. Leonida alielewa neno moja tu, dawa. Dereva akatazama chungu, akamtazama Leonida kwa heshima mpya, akaketi chini na kupandisha suruali.

"Nimemwambia ni dawa ya Afrika ya magoti," Ba alieleza kwa Kiswahili. "Kwa kuwa kaka yako amekuja India kwa ajili ya goti, basi uongo wangu ni nusu tu. Mpake."

"Nimpake mchuzi?"

"Mpake vizuri."

Akampaka. Dereva alisimama, akakunja mguu, akaukunjua, akatangaza kwamba maumivu yamepungua. Kurudi mjini aliendesha akiimba, nzi wakimfuata.

Leonida hakujua mji mdogo na kimya unavyoweza kusambaza habari. Alfajiri alipofungua mlango alikuta wazee watano barazani, wameketi mstari mmoja, wote wamekunja nguo juu ya magoti. Mmoja alikuwa ameleta chupa.

Akarudi ndani mbio. "Ba! Wagonjwa wako!"

Ba alitoka kwa mkongojo, akawahutubia kwa uso wa huzuni kubwa. Dawa imekwisha, mti wenyewe huota kando ya ziwa moja tu duniani, mganga anaondoka leo. Wazee wakasikitika. Hata hivyo walimwinamia Leonida mmoja mmoja, naye, aliyejua sasa kwamba nyuma yake kuna mtu anayeelewa, akawaambia kwa Kiswahili safi kabisa, "Mungu awape magoti mapya, na mimi anisamehe."

Akiwa anafunga mizigo alikwenda kunawa uani. Juu ya jiwe la kuogea alikuta ndimu mbili zilizokwisha kukatwa na kisahani cha majivu. Mama Hetal alikuwa anaanika nguo karibu, mgongo ameupa jiwe.  Ba alikuwa ameshatumia ndimu moja.

Leonida alisugua mikono mpaka viwiko. Alipokwenda kuaga, mama Hetal alimvisha bangili mbili za kioo, akamvuta kiganja chake puani, akanusa, akacheka.

Nikodemu sasa anatembea mwenyewe hadi stesheni ya Kigoma na kurudi. Leonida na Ba huongea kila Jumapili baada ya misa. Mwezi uliopita Ba alitaka kuona duka la baba yake. Leonida akapanda bodaboda mpaka Ujiji, akauliza nyumba hadi nyumba kwa maelezo ya Ba, akaipata. Ni saluni ya kinyozi siku hizi. Mwenyewe ni kijana aitwaye Januari, aliyekuwa anamnyoa mteja.

Leonida akampigia Ba simu ya video, akaielekeza huku na huku. Ba aliitambua milango. Akaomba apelekwe uani. Huko jiko la Mama Melania halikuwapo tena, kulikuwa na ukuta wa matofali na nguo zimeanikwa. Ba aliomba aonyeshwe ukuta ule mara mbili, juu mpaka chini.

"Nirudishe ndani," akasema hatimaye.

Leonida akamrudisha.

"Kijana," sauti ya Ba ikajaa saluni nzima, na Januari akashtuka, mashine mkononi, kuona bibi wa Kihindi akimsemesha kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Waha. "Huyo unayemnyoa, upande wa kushoto umemwacha kama shamba la pamba baada ya ng'ombe kupita. Nani alikufundisha?"

Mteja akapeleka mkono kichwani. Januari akazunguka kiti, akainama, akatazama.

"Ni kweli, bibi," akasema, na akawasha mashine upya.