Habari Iliyomkuta Etyang Barabarani

Asubuhi, malori yamepanga foleni hadi nje ya mji wa Malaba. Ndani ya ofisi ya mabati ya yadi ya malori, Selpha Ekisa ameshika kipaza sauti cha redio koli.

"Methuselah, uko wapi? Ova."

"Napita Voi, dada. Mbona leo sauti yako ni kama chai bila sukari? Ova."

"Tafuta mahali uegeshe kwanza. Ova."

Methuselah ameelewa. Madereva wa yadi hii wana desturi yao: habari ya msiba haipewi mtu aliyeshika usukani. Akishaegesha, Selpha anamwambia kwamba baba yake amefariki huko Butula.

Redio inafika hadi pwani, ila kila dereva anasikia mambo ya mwenzake. Ndiyo maana mwaka huu wa 1999 tajiri mwenye malori ameanza kung'oa redio hizo na kuwapa madereva simu za mkononi zenye laini ya Uganda. Simu ni ya siri, lakini inashika karibu na mpaka tu. "Ukipita Bungoma ni ya kutazama saa," Selpha anasema.

Lori la kwanza kung'olewa redio lilikuwa la mumewe, Etyang.

Mwezi wa nne mtoto wao Maureen, wa miaka minne, alishikwa na malaria. "Nilipiga, nikapiga. Haipatikani. Wenzake walikuwa wananijibu kwa redio kutoka Mombasa. Mume wangu, hapana."

Maureen alifariki babake akiwa safarini.

Etyang alipokaribia Amagoro, simu ilishika. Aliyempata kwanza ni ndugu yake, Odeke. "Alifurahi simu imeingia, akasema yote palepale. Hakuuliza kama gari linatembea."

Lori liliingia mtaroni. Mtoto alizikwa nyumbani Moding, Etyang akiwa hospitalini na chuma mguuni. Sasa amerudi, anatembea kwa mkongojo. Kaburi liko nyuma ya nyumba. Hajaenda. Wala hajauliza neno.

"Odeke naye hali, halali. Simlaumu," anasema Selpha.

Selpha ameomba ruhusa kazini ya Jumamosi hii.

"Nitamshika mkono twende mpaka pale kaburini. Nimwambie vile Maureen alikuwa anamuulizia, mpaka mwisho. Akitaka kunikasirikia, anikasirikie tu. Huku kunyamaza ndiko siwezi."