Saa Moja na Nusu Mpaka Lubumbashi

Telefone inasema kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Kalemie mpaka ule wa Lubumbashi ni kilomita mia sita na kitu, mwendo wa saa moja na nusu. Mimi njo nilimwonyesha mama ule mstari juu ya ramani. Mwili wake ulikuwa umevimba, viatu haviingii, na daktari wa figo huku kwetu hayupo, yuko Lubumbashi. Lakini safari alikuwa anaikataa. Baba yetu amezikwa Mpala, kijijini kando ya ziwa, na mama alitaka kulazwa pembeni yake. Aliogopa kufia mbali. Alitazama telefone, akasema hata mtumbwi wa Mpala unachelewa kuliko hapo. Akaniuliza kama nitamrudisha. Nikamwambia ndiyo, mama, iwe iwavyo, nitakurudisha.

Ndege ilikuwa ndogo, ya kupitia Manono, kule kwa wachimba madini. Walitupima kwenye mizani pamoja na mizigo, kama magunia ya mihogo. Mama alihitaji viti viwili ili ajilaze, uzito ukazidi, na mimi niliyekula vizuri maisha yangu yote nikaambiwa nibaki. Nilibishana weee, mpaka nikachoka. Akapanda mdogo wangu wa kike, yule mwembamba. Mama alinipungia mkono dirishani, na mimi nilikuwa nimenuna, nikampungia nusunusu.

Manono walishusha mizigo, mvua ikafunga. Rubani akasema mbele hakupitiki, watalala. Alikuwa na haki, nani anataka kuanguka? Lakini nilimchukia, na mpaka leo namchukia, Mungu anisamehe. Mdogo wangu akawa ananipigia: wamepata chumba karibu na kanisa, mama anahema vibaya, mama haitiki tena. Nami niko nyumbani nautazama ule mstari. Manono haikuwemo juu yake hata kidogo.

Kulipokucha mama alikuwa amekufa, na mbingu ilikuwa safi kabisa. Ndege ikaendelea na safari yake ya Lubumbashi. Maiti bila sanduku wala karatasi hawakuikubali, na kurudi Kalemie haikuwa njia yao. Nikawatafuta kwa simu watu wa magari, wamrudishe. Wote walinijibu vilevile: masika hii, pikipiki zenyewe zinazama kwenye matope, mzee, utamfikisha katika hali gani? Mmoja alinionea huruma, akakata simu bila kuaga.

Mchana mdogo wangu alipiga tena. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Yaya, kaka yangu, wamama wa kanisa wamemaliza kumuosha. Wanauliza kama wachimbe. Joto ni kali, hawezi kungoja."

Nyuma yake nilisikia watu wanaimba, watu ambao hakuna hata mmoja aliyemjua mama. Walikuwa wanaimba vizuri, na hilo liliniuma zaidi.

"Yaya, uko?"

"Niko," nikasema. "Waambie wachimbe."